Filamu ya machale wawili: stelingi ni nani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, niko Tanga. Juzi mimi na kaka yangu tumetazama filamu ya Kihispania, Balada triste de trompeta, ile ya machale wawili wa sarakasi wanaogombea mwanamke mmoja. Tumebishana mpaka mama akaja kutuzimia taa. Kaka anasema stelingi ni Javier, kwa sababu ameonewa tangu utotoni, na aliyeonewa ana haki ya kulipiza. Mimi nimeshindwa kumpa ustelingi mtu anayezunguka mjini na bunduki. Lakini Sergio naye ni mnyama. Sasa stelingi ni nani? Na damu yote ile ni ya nini? Halafu jambo la mwisho, naona aibu kulisema: mwishoni nililia, na mpaka leo sijui nilikuwa namlilia nani.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kilio chako nitakifikia mwishoni, maana hicho hasa ndicho kilichonikalisha kitako usiku huu nikuandikie. Nitaisimulia filamu yote pamoja na mwisho wake, kwa hiyo msomaji ambaye hajaitazama na hataki kujua, aishie hapa.

Kwa ambao hawaijui: filamu hii ilitoka mwaka 2010. Aliyeiandika na kuiongoza ni Álex de la Iglesia, mzaliwa wa Bilbao, mwaka 1965. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Venice, na jopo la waamuzi lililoongozwa na Quentin Tarantino likaipa tuzo mbili, ya uongozaji na ya skripti. Jina lake limechukuliwa kwenye wimbo wa Raphael, mwimbaji mashuhuri wa Hispania, na maana yake ni kama kusema “wimbo wa huzuni wa tarumbeta”. Hadithi inaanza mwaka 1937 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha inaruka mpaka 1973, miaka miwili kabla ya kifo cha Jenerali Franco, dikteta aliyeshinda vita hivyo na kuitawala Hispania. Javier, aliyekuwa mtoto wakati wa vita, sasa ni mtu mzima mnene mwenye miwani, na anaajiriwa kwenye sarakasi kama chale mwenye huzuni. Chale mwenzake, yule mpumbavu anayechekesha watoto, ni Sergio. Sergio ni mlevi, na akilewa anampiga mwanamke wake, Natalia, msarakasi wa kuning'inia kwenye vitambaa. Javier anampenda Natalia. Yanayofuata ndiyo hayo yaliyowafanya mzimiwe taa.

Nianze na neno lenu wenyewe, stelingi, kwa sababu liko karibu zaidi na kiini cha filamu hii kuliko maneno mengi tunayofundisha darasani.

Mimi nimekulia kwenye vibanda vya video Dar es Salaam. Tulikaa kwenye mabenchi ya mbao, televisheni moja, watu hamsini, na dijei akitutafsiria kwa sauti yake mwenyewe juu ya sauti ya filamu. Kazi yake ya kwanza kabla ya yote ilikuwa kutuonyesha stelingi. Tukishaonyeshwa, mambo yote yalikuwa yameshaamuliwa. Stelingi hafi. Stelingi akiua, waliouawa hawana mama wala watoto. Stelingi akichoma nyumba, nyumba ilistahili kuchomwa. Tulikuwa hatuhesabu maiti zake, tulikuwa tunashangilia. Adui akifanya jambo lilelile, tulizomea. Kwa hiyo stelingi kwetu hakuwa tu mwigizaji mkuu. Alikuwa mtu tuliyempa ruhusa mapema, kabla hatujajua ataitumiaje.

De la Iglesia anaijua ruhusa hiyo vizuri sana. Na nionavyo mimi, filamu nzima imejengwa ili tuitoe kwa moyo mkunjufu, kisha tulazimike kutazama imefanyiwa nini.

Angalia mwanzo. Watoto wamejaa sarakasini wanacheka, na nje mabomu yanalia. Baba yake Javier yuko uwanjani, amevaa gauni la kike na nywele za bandia za mapindopindo. Wanaingia wapiganaji wa upande wa Jamhuri, yaani wa serikali iliyochaguliwa ambayo Franco alikuwa akiipindua, wanataka kila mwanaume anayeweza kushika silaha. Hawampi hata muda wa kuvua gauni. Kiongozi wao anaona hiyo ndiyo faida yenyewe: chale mwenye panga atawatia askari wa Franco kiwewe. Anapewa panga. Na kweli, anaingia vitani na gauni lake, anafyeka watu kushoto na kulia.

Tukio hilo limepigwa kwa namna ya kusisimua. Muziki unapanda, kamera inakimbia naye, gauni linapepea. Nimewaonyesha wanafunzi wangu mara nyingi, na kila mara wapo wanaocheka na kupiga makofi. Siwalaumu, mimi mwenyewe nilishangilia mara ya kwanza. Lakini mtazame mtu yule tena pole pole. Asubuhi ile alikuwa anachekesha watoto. Hakuomba vita. Ameburutwa, amevishwa silaha, na anaua askari ambao wengi wao huenda nao waliburutwa vilevile. Mwongozaji hajatuficha lolote kati ya hayo. Sisi ndio tuliochagua kutoliona, kwa sababu tulishaonyeshwa stelingi.

Baba anakamatwa na kufungwa. Anapelekwa kuchimba mwamba kwenye Bonde la Walioanguka, na hapa inabidi nisimame kidogo, maana mahali hapa si pa kubuni: ni jengo la kumbukumbu ya waliokufa vitani. Franco aliamuru lijengwe tarehe 1 Aprili 1940, mwaka mmoja kamili tangu atangaze ushindi. Liko kwenye milima ya Guadarrama, kama kilomita hamsini kutoka Madrid. Wafungwa wa upande ulioshindwa walifanyishwa kazi pale kwa mpango wa kupunguziwa siku za kifungo kwa jasho lao. Kanisa limechongwa ndani ya mwamba, na juu yake umesimamishwa msalaba wenye urefu wa mita 150 hivi. Lilizinduliwa tarehe 1 Aprili 1959. Mifupa ya watu zaidi ya 33,000 ililetwa ikazikwa humo, ya pande zote mbili, mingi bila familia kuulizwa. Franco mwenyewe alizikwa pale mwaka 1975 na akakaa mpaka tarehe 24 Oktoba 2019, alipofukuliwa na kuhamishwa. Kwa hiyo filamu ilipotoka, mwaka 2010, mwenye bonde alikuwa bado amelala chini ya msalaba wake.

Sasa, ndani ya gereza hilo, Javier mtoto anakwenda kumwona baba yake. Na baba anampa wosia. Anamwambia kwamba hataweza kuwa chale wa kuchekesha, kwa kuwa ameona mateso mengi mno akiwa mdogo. Atakuwa chale mwenye huzuni. Na anamwambia dawa ya huzuni hiyo ni kisasi.

Kaka yako anasimama hapa, na namwelewa. Kwetu wosia wa mzazi aliye kwenye shida si jambo la kupuuza. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote akitimiza neno moja aliloambiwa kando ya kitanda cha hospitali. Javier anajaribu kumkomboa baba yake kwa baruti, anashindwa, na baba anakufa chini ya kwato za farasi wa kanali aitwaye Salcedo, mbele ya macho ya mwanawe. Katika vurugu hiyo Salcedo naye anapoteza jicho. Nani ambaye angemnyima mtoto huyu ruhusa?

Lakini mwambie kaka yako afuatilie matumizi ya ruhusa hiyo, kama mtu anavyofuatilia fedha za mchango wa msiba. Baba aliua kwa sababu aliburutwa vitani. Miaka thelathini na sita baadaye, Javier anamvamia Sergio na kumpondaponda uso kwa tarumbeta. Sababu ipo: Sergio alikuwa amempiga kwa nyundo mpaka akalazwa. Lakini sababu hiyo haina uhusiano wowote na baba, wala kanali, wala vita. Kisha Javier anaingia mjini na silaha, na hapo ukimwuliza adui yake ni nani hana jibu. Kila hatua sababu inazidi kuwa ndogo na jeraha linazidi kuwa kubwa. Wosia ulitaja kisasi bila kutaja jina la mtu, na kisasi kisicho na jina humwangukia yeyote aliye karibu. Aliye karibu, mara nyingi, ni Natalia.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaosema filamu hii haina maadili kwa sababu haina mtu mwema. Nimewasikia wengi. Wanadhani kuchanganya wema na ubaya ni kukataa kuhukumu. Mimi naona filamu inahukumu sana, tena kwa ukali, ila haijaiweka hukumu yake kwenye mdomo wa mhusika yeyote. Imeiweka kwenye miili. Kwenye filamu za vibandani mtu anapigwa ngumi ishirini, anapangusa mdomo, anaendelea. Hapa kipigo hakifutiki. Sergio anashonwa uso na daktari wa mifugo, na nyuzi zile nene, kama za kushonea gunia, anabaki nazo mpaka mwisho. Javier anajichoma mwenyewe: kostiki ya kutengenezea sabuni usoni ili ngozi iwe nyeupe, pasi ya moto kwenye mashavu na midomo ili vibaki vyekundu. Rangi ya chale, ambayo jioni huoshwa kwa maji, kwake inakuwa ngozi. Kuanzia hapo hawa wawili hawawezi tena kuvua vinyago vyao na kwenda nyumbani. Hiyo ndiyo kazi ya damu uliyoniuliza. Iko pale ili usisahau, dakika arobaini baadaye, kwamba wewe ndiye uliyeshangilia panga.

Sitasema kila tone lina kazi. Sehemu ya katikati, Javier anapoishi porini uchi na kula nyama mbichi, inarefushwa kupita kiasi, na kuna risasi na milipuko ambayo naona mwongozaji aliiweka kwa kuwa anapenda milipuko. Na mdogo wenu, kama yupo, asikaribie televisheni. Si filamu ya watoto hata kwa bahati mbaya.

Turudi kwa Sergio, maana umesema ni mnyama, na umeishia hapo.

Katika sarakasi za Ulaya machale wawili huenda pamoja kama pwagu na pwaguzi. Mmoja ana uso mweupe, ni makini, anajua taratibu. Mwingine ni mpumbavu, anajikwaa, anavunja vitu, na watoto wanampenda huyo. Hata kwenye vichekesho vyetu wapo: mmoja anayepiga kofi na mmoja anayelipokea. Kazi ya Javier sarakasini ni kulipokea. Na Sergio ana kipaji cha kweli. Hilo filamu haimnyang'anyi. Watoto wanamkimbilia, naye anawapenda, si kwa kujifanya. Ukumbuke pia mwaka wenyewe: 1973 ndio mwaka ambao machale Gaby, Fofó na Miliki walianza kuonekana kwenye televisheni ya taifa ya Hispania, wakiwauliza watoto hamjambo, na watoto wa nchi nzima wakiitikia. De la Iglesia alitimiza miaka minane mwaka huo. Anajua chale alikuwa nani ndani ya nyumba za wakati ule, nyumba ambazo mambo mengi hayakuruhusiwa kutajwa mezani.

Mapema kabisa Sergio anamweleza Javier kwa nini ni chale: asingekuwa chale, angekuwa muuaji. Javier anamjibu kwamba na yeye ni hivyohivyo. Ukisikiliza maneno hayo kwa haraka utadhani ni mzaha wa watu wa kazi moja. Mimi naamini huo ndio ukweli mtupu kuliko yote yanayosemwa humo. Wanaume wawili wanatambuana. Tofauti yao ni kwamba mmoja anaimwaga hasira yake kila usiku kwenye pombe, na mwingine ameihifadhi miaka thelathini na sita kama mtu anayeweka akiba. Javier ana sauti ya upole, na upole huo ulimdanganya kaka yako kama ulivyonidanganya mimi. Ukimya nao una uzito wake.

Kuna tukio moja nataka mlitazame tena nyote wawili. Wasarakasi wako mezani wanakula. Sergio anasimulia kichekesho kuhusu baba anayesubiri hospitali mtoto wake azaliwe. Daktari anatoka na kichanga, anakitupatupa na kukibamiza, baba anapiga mayowe, ndipo daktari anamwambia ni utani tu, mtoto alishazaliwa mfu. Mezani wote wanacheka. Javier peke yake hacheki. Anasema hajakiona cha kuchekesha. Hali ya hewa inabadilika papo hapo. Sergio anafura, na muda si muda Natalia amepigwa mbele ya watu wote.

Safari hii msimtazame Sergio wala Javier, tazameni wengine. Watu wazima, wenye nguvu zao, mmoja wao amezoea kukabiliana na wanyama wakali. Walicheka kwa sababu Sergio ndiye anayeleta watazamaji, na watazamaji ndio mshahara. Wanapoona mwanamke anapigwa, wanaangalia sahani zao. Kila mmoja ana sababu yake nzuri. Kama unataka kujua udikteta wa miaka karibu arobaini unasimama juu ya nini, tukio hili linakuonyesha kwa dakika chache: meza ya watu wanaocheka kichekesho wasichokipenda. Na usisahau kwamba Javier naye, aliyekuwa jasiri wa kutocheka, hakuweza kumsaidia Natalia. Ukweli wake wa mdomoni ulimgharimu mwingine.

Hayo ndiyo maeneo ambayo wema na ubaya vinashikana mpaka huwezi kuvitenganisha kwa kisu, na mwongozaji anayatafuta kwa makusudi. Mfano unaonisumbua kuliko yote ni ule wa porini. Kanali Salcedo, akiwa sasa na jicho moja, anamkamata Javier na kumfanya mbwa wa kuwinda, anaokota ndege kwa meno. Mgeni wa heshima kwenye mawindo hayo ni Franco mwenyewe. Na Franco, mzee dhaifu, anamkemea kanali: binadamu hatendewi hivi. Fikiria. Neno la huruma, lililo sahihi kabisa, linatoka kwa mtu aliyemchimbisha mwamba baba wa huyu huyu anayetetewa. Javier anamjibu kwa kumng'ata mkono.

Nimefundisha tukio hilo miaka mingi na bado sijapata darasa linalokubaliana. Wengine wanasema ni haki, wengine wanasema ni unyama, na wote wana hoja. Ninachowaambia ni kwamba neno zuri halisafishi mkono wa msemaji, na mateso hayamsafishi mng'ataji. Filamu inakupa yote mawili katika picha moja na haikuambii ushike lipi.

Sasa lipo lawama zito zaidi, na mtalikuta mkisoma kuhusu filamu hii: kwamba kwa kuwafanya machale wote wawili kuwa wendawazimu, mwongozaji amelinganisha upande wa Jamhuri na upande wa Franco, kana kwamba walikuwa sawasawa. Nalichukua kwa uzito, maana katika vita vile upande mmoja uliipindua serikali iliyochaguliwa, ukashinda, ukajenga dola, magereza na msalaba wake. Lakini naona filamu inaijua tofauti hiyo. Mwenye farasi ni mmoja, mwenye gereza ni mmoja. Inachokataa ni kitu kingine: kwamba mtoto wa aliyeonewa anazaliwa akiwa na hesabu safi, na inabaki safi hata afanye nini. Kumbuka Hispania ilivuka kutoka udikteta kwa mapatano ya kunyamaza. Sheria ya msamaha ya Oktoba 1977 ilifunga mlango wa mahakama kwa pande zote. Sheria ya kumbukumbu ya kihistoria ilikuja 2007 tu, na filamu miaka mitatu baadaye, wakati familia zikiendelea kutafuta mifupa ya babu zao kando ya barabara. Maumivu ambayo hayakupewa mahali pa kusemwa hayakufa. Yalikaa ndani ya watu kama Javier.

Hata lile tukio la mlipuko ni la kweli, kama mlidhani ni la kutunga. Tarehe 20 Desemba 1973, kikundi cha ETA cha Wabaski waliotaka kujitenga kilichimba handaki chini ya mtaa wa Claudio Coello, Madrid, na kulipua gari la waziri mkuu, Luis Carrero Blanco. Gari liliruka juu ya jengo zima likaangukia upande wa pili. Walikufa watu watatu, waziri mkuu, dereva wake na mlinzi. Kwenye filamu Javier yupo pale, na sura yake ile iliyochomwa. Waliolipua wanapita na gari, naye anawauliza wao ni wa sarakasi gani. Wengi wanacheka hapo, na mstari wenyewe ni mzuri. Lakini ndani yake mna swali la kweli. Mtu aliyevaa vazi la kutisha akiwa na bunduki anaona wengine wenye silaha, na kwa macho yake hakuna cha kuwatofautisha ila vazi.

Basi twende kwenye msalaba wa lile bonde, ambako machale wanapambana kwa mara ya mwisho, na kwenye machozi yako.

Goya, mchoraji wao mkubwa, karibu na mwaka 1820 alichora kwenye ukuta wa nyumba yake wanaume wawili wanaopigana kwa marungu. Siku hizi picha iko jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Miguu yao inaonekana imezama mpaka magotini. Hakuna anayeweza kukimbia, hakuna anayeweza hata kurudi nyuma, kilichobaki ni kupiga na kupigwa. Nilipoona machale wetu wanapambana juu ya msalaba ule, picha hiyo ilinijia mara moja, ila hawa wamezama juu angani, na chini yao kuna makaburi ya maelfu ya watu waliomaliza ugomvi kama wao.

Na Natalia yuko kati yao. Hapa nina ugomvi na de la Iglesia. Wachambuzi wengi wanasema Natalia ni Hispania yenyewe, inayovutwa na wana wawili mpaka ikavunjika. Inawezekana ndivyo alivyokusudia. Lakini mwanamke akishafanywa bendera, hakuna anayemwuliza anataka nini. Kwa muda mrefu wa filamu tunamwona Natalia kwa macho ya Javier au kwa macho ya Sergio. Anarudi kwa Sergio, anakwenda kwa Javier, anaogopa, anatamani, na filamu haikai naye peke yake kutosha hata mara moja tujue usiku akilala anawaza nini. Angeandikwa kwa uangalifu uleule waliopewa wanaume, hii ingekuwa kazi kubwa zaidi.

Hata hivyo kifo chake kimetendewa haki. Anaanguka kutoka juu akiwa amejifunga kitambaa chekundu, kitambaa cha kazi yake, kile alichokuwa akiteremka nacho jioni na watu wakimpigia makofi. Kinamshika ghafla na mgongo unavunjika. Miaka yote kitambaa kile ndicho kilichomzuia asife, na watu walilipa kiingilio kuona kikimzuia. Safari hii hakuna kiingilio, na wanaume wawili wanaodai kumpenda wapo, wote wawili, na hakuna aliyeweza hata kunyoosha mkono.

Kisha gari la polisi. Wamekaa wakitazamana, uso wa nyuzi na uso wa kuungua, na kilio na kicheko vinachanganyika. Nadhani kaka yako pale alimwangalia Javier. Wewe, kwa jinsi ulivyoandika, nina hakika ulikuwa bado uko juu ya msalaba na kitambaa. Wao wawili wamebaki na wa kumtazama. Yeye hayumo ndani ya gari, na kamera haikurudi kumwangalia. Mtazamaji pekee aliyebaki kumlilia ulikuwa wewe, mwanangu, na hilo halina aibu yoyote. Mweleze kaka yako hivyo, na mkitazama tena tukio la mezani, mwombe amwangalie Natalia tangu kabla ya kofi. Kabla Sergio hajainua mkono, yeye ameshajua.